Mstari, Mpaka na Marudio: Uhakiki wa Lugha ya Swali la Upangaji-Mstari kwa Mfano wa Kingamyambo

IKISIRI

Njia ya kutatua matatizo ya upangaji-mstari yenye vigeu viwili kwa kuchora grafu huchukuliwa shuleni na vyuoni kuwa suala la hesabu peke yake. Makala haya yanaliangalia swali la namna hiyo kama matini: habari inayosimuliwa kwa maneno, ikageuzwa kuwa alama, alama zikawa picha, na picha ikarudishwa tena kuwa maneno. Inadaiwa kwamba makosa mengi hutokea katika kuvuka huko kutoka hatua moja hadi nyingine, na kwamba Kiswahili, pamoja na Kiswahili cha Kolwezi, kina nyenzo za sarufi zinazoweza kuyapunguza. Mfano unaotumika ni ule wa marudio ya shaba na kobalti ya Kingamyambo na bonde la Musonoi.

1. UTANGULIZI

Katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya, upangaji-mstari umekuwa mada ya miaka ya mwisho ya hisabati, nayo hufundishwa kwa Kiingereza. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mada hiyohiyo humfikia mwanafunzi kwa Kifaransa, ingawa Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kolwezi na mwanafunzi wa Morogoro, ambao wangeweza kuzungumza juu ya shaba na mahindi kwa lugha moja, hukutana na swali hili kila mmoja kwa lugha aliyoipata darasani. Nchini Tanzania pendekezo la tume ya mwaka 1982 la kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia sekondari halikutekelezwa, na mojawapo ya sababu zilizotolewa mara kwa mara ni kwamba istilahi za sayansi hazijatosha.

Hoja hiyo ya istilahi imejadiliwa sana, lakini kwa kawaida imejadiliwa kwa kuhesabu maneno: ni mangapi yamesanifiwa, ni mangapi bado. Ni nadra kuulizwa sentensi nzima ya hisabati inafanya kazi gani katika Kiswahili. Upangaji-mstari unafaa kwa uchunguzi wa aina hiyo kwa sababu ugumu wake haumo katika kuchora. Mwanafunzi yeyote anayeweza kuunganisha nukta mbili kwa rula anaweza kuchora mistari yote inayotakiwa. Ugumu umo katika kusoma.

Swali lenyewe lina umbo linalojulikana. Kuna mkulima mwenye hekta kadhaa za kugawa kati ya mahindi na maharage. Au seremala anayetengeneza meza na viti. Au msafirishaji mwenye malori makubwa na madogo. Anapewa mipaka miwili mitatu ya mali, kazi au fedha. Mwishoni anaulizwa afanye nini ili apate faida kubwa kuliko zote. Matini hiyo ni fupi, haina jina la mtu wala la mahali, na hakuna anayezungumza ndani yake. Uhakiki huu unachunguza mambo matatu katika matini hiyo: jina la fani, sarufi ya masharti, na nafasi ya mtendaji.

2. JINA LA FANI: PROGRAMU AU MPANGO?

Jina la Kifaransa, “programmation linéaire”, humpeleka mwanafunzi wa leo moja kwa moja kwenye kompyuta. Tafsiri ya “programu ya mstari” inafanya vivyo hivyo, maana neno programu katika Kiswahili cha sasa ni la kompyuta na la vipindi vya redio. Historia ya fani hii inaonyesha kwamba jina hilo halikutokana na kompyuta.

Mwaka 1939 Leonid Kantorovich, mwanahisabati wa Leningrad, alichapisha kijitabu juu ya njia za kihisabati za kupanga na kuendesha uzalishaji. Tatizo lililomfikia lilitoka katika shirika la mbao za plaiwudi: kazi zigawiwe vipi kati ya mashine ili mazao yawe mengi. Mwaka 1947 George Dantzig, aliyekuwa akifanya kazi na Jeshi la Anga la Marekani, alibuni njia ya simpleksi ya kutatua matatizo yenye vigeu vingi. Katika lugha ya jeshi hilo, programu ilikuwa ni ratiba ya mafunzo, ya ugavi na ya kupeleka watu na vifaa. Jina fupi la fani lilipendekezwa na Tjalling Koopmans mwaka 1948, na mwaka 1975 Koopmans na Kantorovich walishirikiana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Chanzo cha Leningrad na chanzo cha Washington vyote viwili vilihusu mpango.

Kwa msingi huo, upangaji-mstari ni istilahi bora kuliko programu ya mstari. Inafuata kanuni za uundaji wa maneno (panga, upangaji), inaeleweka na asiyejua kompyuta, na inarejesha maana ya asili ambayo hata Kifaransa na Kiingereza vimeipoteza. Sehemu ya pili, mstari, inabeba dai la kihisabati lenye uzito wake: kwamba mara mbili ya mali huleta mara mbili ya pato, na kwamba mchango wa kitu kimoja hujumlishwa na wa kingine bila kuathiriana. Methali ya haba na haba hujaza kibaba inalisema dai hilo kwa ukamilifu. Lakini Kiswahili hicho hicho kina methali nyingine, kidole kimoja hakivunji chawa, ambayo inalikanusha: vipo vitu ambavyo kila kimoja peke yake ni sifuri, na vikiungana ni kitu. Mwalimu anayeziweka methali hizi mbili pamoja ubaoni amekwisha kueleza mahali ambapo upangaji-mstari unafaa na mahali usipofaa.

3. SARUFI YA SHARTI

Kiini cha swali ni masharti. Hapa Kifaransa kina faida moja: kinatofautisha “inégalité”, yaani hali ya kutokuwa sawa, na “inéquation”, yaani sentensi ya hisabati yenye kigeu ambacho thamani yake inatafutwa. Kiswahili kina mlinganyo kwa upande wa usawa, lakini kwa upande wa pili waandishi hukimbilia maneno marefu kama ukosefu wa usawa. Maneno hayo ni ya siasa na jamii. Humkumbusha msomaji tajiri na maskini kabla ya kumkumbusha x na y. Kwa mada hii neno sharti linatosha. Linajulikana sokoni, mahakamani na msikitini, na wingi wake, masharti, unabeba wazo muhimu kwamba yote yatimizwe kwa pamoja, bila kuchagua.

Kuhusu namna ya kutamka sharti, Kifaransa kinatumia “au plus” na “au moins”. Kosa linalofahamika kwa walimu ni la mwanafunzi kuona neno lenye maana ya “pungufu” na kuandika alama ya kupungua, ilhali “au moins 2” ni 2 au zaidi. Kiswahili cha vitabuni hutumia angalau, neno lenye ladha ya kuridhia: angalau umefika, yaani si kama ilivyotarajiwa lakini si haba. Ladha hiyo haina nafasi katika hisabati. Vilevile chini ya 10 haijumlishi 10 yenyewe, ambapo hadi 10 na mpaka 10 hujumlisha. Na katika vitabu maneno haya huchanganywa kana kwamba ni mamoja.

Njia iliyo wazi zaidi imo katika hali tegemezi pamoja na kiambishi cha ukanushi -si-. Sentensi asidi isizidi matangi 28 na marudio yasipungue vipimo 2 zina sifa tatu. Kwanza, zinajumlisha mpaka wenyewe: kilicho sawa na 28 hakijazidi. Pili, ni amri, na sharti kwa asili yake ni amri. Tatu, zinataja tendo, si cheo cha namba. Mtu anaweza kupinga kwamba isipungue nayo ina pungua ndani yake, na kwamba mwanafunzi atakosea vilevile. Pingamizi hilo lina uzito, lakini tofauti ipo. Katika “au moins” hakuna ukanushi wowote unaosikika, bali katika isipungue ukanushi umo katikati ya neno na hauwezi kurukwa na anayelisoma kwa sauti.

Kiswahili cha Ukanda wa Shaba kinaongeza nyenzo nyingine. Kitenzi kupita, ambacho huko hutumika sana katika kulinganisha vitu, kinatoa sharti la isipite 28. Kitenzi hiki kina nafasi na mwendo ndani yake. Anayeambiwa asipite anaona mstari chini ya miguu yake. Katika grafu sharti huwa mstari, na mstari huo ni mpaka. Na neno mpaka ni jina la mstari wa kugawa mashamba na ni kihusishi cha kutaja kikomo cha namba. Yaani katika maneno mawili ya kawaida, kupita na mpaka, lugha imekwisha kuiunganisha hesabu na picha. Kwa Kifaransa uhusiano huo mwalimu hulazimika kuueleza.

Hata hivyo tofauti za lahaja zina mitego yake. Nukta zinazotimiza masharti yote hukaa katika eneo moja la grafu, na eneo hilo linahitaji jina. Jina moja linaloweza kupendekezwa ni eneo la kutosha au eneo toshelezi. Katika Kiswahili cha Lubumbashi na Kolwezi kutosha ni kauli ya kutendesha ya kutoka, kama kuangusha kutoka kuanguka, na maana yake ni kuondoa. Kwa mwanafunzi wa huko eneo la kutosha ni eneo la kuondolewa! Na kwa kuwa desturi ya shule nyingi za Afrika Mashariki ni kutia kivuli sehemu isiyotakiwa na kuacha nyeupe ile inayotakiwa, istilahi hiyo ingegeuza grafu juu chini. Jina lililo salama ni eneo yakinifu, kwa kufuata upembuzi yakinifu, maneno ambayo maofisa wa mipango wameyazoea: eneo la mambo yanayoweza kufanyika kwa hakika. Ncha zake ziitwe pembe. Neno kipeo liachwe, kwani katika hesabu za shule za msingi limekwisha kupewa kazi ya kutaja namba iliyojizidisha mara kadhaa.

4. MFANO WA KINGAMYAMBO

Kingamyambo ni bwawa la mabaki ya uchenjuaji karibu na Kolwezi. Pamoja na mabaki yaliyotandazwa katika bonde la mto Musonoi, unaotiririkia Lualaba, ni urithi wa miaka mingi ya kazi ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, na ya Gécamines iliyofuata baada ya utaifishaji wa mwishoni mwa 1966. Makadirio yaliyotumiwa na kampuni zilizotaka kuyachakata upya ni tani milioni 113 hivi, zenye shaba kiasi cha asilimia 1.5 na kobalti kiasi cha asilimia 0.3. Kwa hesabu nyepesi hiyo ni shaba inayokaribia tani milioni 1.7 ndani ya kitu kilichotupwa.

Hapa istilahi inahukumu. Kifaransa cha migodini huyaita mabaki hayo “rejets”, vitu vilivyokataliwa. Wachimbaji wa dhahabu wa Tanzania huyaita marudio, vitu vinavyorudiwa. Neno la kwanza linatazama nyuma, la pili linatazama mbele. Historia ya Kingamyambo imelithibitisha la pili. Kampuni ya First Quantum iliyokuwa ikijenga mradi ilinyang’anywa mkataba mwaka 2009. Haki zikahamia kwingine, na mgogoro ukaisha Januari 2012 kwa malipo ya dola bilioni 1.25 kutoka kwa ENRC. Mwaka 2018 mradi wa Metalkol ulianza kutoa shaba na kobalti kutoka katika marudio hayo. Watu hawagombani kiasi hicho kwa takataka.

Swali lifuatalo limetungwa kwa kufuata sarufi iliyopendekezwa hapo juu. Namba zake ni za kubuni, zimechaguliwa ili hesabu ikae sawa, na wala si takwimu za kiwanda chochote.

Kiwanda kinachukua marudio kutoka mahali pawili: vipimo x kutoka Kingamyambo na vipimo y kutoka Musonoi, kila kipimo kikiwa tani 1,000. Kwa uwezo wa mitambo, marudio ya siku moja yasipite vipimo 10. Kipimo kimoja cha Kingamyambo hula matangi 2 ya asidi ya salfuriki, na cha Musonoi matangi 4; asidi ya siku isipite matangi 28. Ili bonde la mto lisafishwe, marudio ya Musonoi yasipungue vipimo 2. Kipimo cha Kingamyambo kina faida ya 3 na cha Musonoi faida ya 5. Je, kila siku vichukuliwe vipimo vingapi kutoka kila mahali?

Masharti yanakuwa: x + y isipite 10, 2x + 4y isipite 28, yaani x + 2y isipite 14, y isipungue 2, na x isipungue sifuri, sharti ambalo swali halikulisema kwa sababu hakuna anayeweza kuchukua tani pungufu ya hakuna. Katika grafu, x ikiwa kwenye mhimili wa mlalo na y kwenye mhimili wa wima, mstari wa kwanza unaunganisha nukta (10, 0) na (0, 10). Wa pili unaunganisha (14, 0) na (0, 7). Wa tatu unalala sambamba na mhimili wa mlalo kwa kimo cha 2. Upande unaofaa wa kila mstari hujulikana kwa kujaribu nukta moja. Asili ya grafu, (0, 0), inatimiza sharti la kwanza na la pili, lakini hailitimizi la tatu. Basi katika mstari wa tatu upande wa asili ndio unaotiwa kivuli. Kinachobaki cheupe ni eneo yakinifu lenye pembe nne: (0, 2), (8, 2), (6, 4) na (0, 7).

Faida, 3x + 5y, nayo ni mstari. Rula ikiwekwa kwa mwinamo wa mstari huo na kusogezwa sambamba kuelekea mbali na asili, pembe ya mwisho kuguswa kabla rula haijaliacha eneo ndiyo jibu. Kwa kujaribu pembe moja moja faida ni 10, 34, 38 na 35. Jibu ni (6, 4): vipimo 6 vya Kingamyambo na 4 vya Musonoi.

Vitabu huishia hapa, na hapa ndipo mchoro unapoanza kusema. Eneo halibadiliki ila masharti yabadilike. Mwinamo wa faida hubadilika na soko. Ikichukuliwa katika mfano huu kwamba marudio ya Musonoi ndiyo yenye kobalti zaidi, na bei ya kobalti ikapanda hadi faida zikawa 2 na 5, pembe bora inahama hadi (0, 7), na Kingamyambo inaachwa kabisa. Bei ikianguka, faida zikawa 4 na 3, pembe bora inakuwa (8, 2). Na faida zikiwa 1 na 2, mwinamo wake unalingana na wa mstari wa asidi, na kila nukta kutoka (6, 4) hadi (0, 7) ni jibu. Mabadiliko ya namna hii si ya darasani tu. Kobalti iliyouzwa karibu dola 95,000 kwa tani mapema mwaka 2018 ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000 mwaka 2019. Mstari mmoja ulipindika katika soko la London, na huko Kolwezi maamuzi ya watu wengi yakahama pembe.

5. MTENDAJI ALIYEFICHWA

Katika umbo lake la kawaida swali lingesema: inatakiwa y isipungue 2. Inatakiwa na nani? Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huruhusu mtendaji aachwe, na lugha ya swali la hisabati imeigeuza ruhusa hiyo kuwa desturi. Masharti hupewa, vipimo hukadiriwa, faida hupatikana. Hakuna anayetoa, anayekadiria wala anayepata. Sharti la mitambo, sharti la asidi na sharti la mto huonekana kuwa sawa, kama kwamba yote matatu yameshuka pamoja na mvua.

Lakini hayafanani. Sharti la mitambo ni la fundi, nalo hubadilika kwa kununua mtambo. Sharti la asidi ni la ugavi. Thamani yake inapimika: asidi ikiongezwa kutoka matangi 28 hadi 30, pembe bora ya swali la awali inahama hadi (5, 5) na faida inakuwa 40. Kwa hiyo kila tangi la nyongeza lina thamani ya 1, kiasi ambacho wanauchumi hukiita bei kivuli. Sharti la mto ni la namna nyingine kabisa. Limewekwa na mwenye mamlaka kwa niaba ya watu wasiomo katika swali: wanaofua, wanaovua na wanaolima kandokando ya Musonoi.

Linganisha hali mbili. Faida zikiwa 3 na 5, pembe bora ni (6, 4), na sharti la mto halimgusi mwenye kiwanda. Angelitimiza hata kama lisingeandikwa. Faida zikiwa 4 na 3, pembe bora ni (8, 2) yenye faida ya 38. Sharti lile likifutwa, pembe bora inakuwa (10, 0) yenye faida ya 40, na marudio ya bondeni yanabaki mtoni. Katika hali hii kusafisha mto kuna gharama ya 2 kwa siku, na kuna mtu wa kuilipa. Ndiyo kusema sharti hujulikana kuwa sharti pale tu linapouma. Mwanafunzi aliyejifunza kusema inatakiwa bila kutaja mtendaji atakuwa mhandisi, karani au diwani asiyeona kwamba kati ya mistari mitatu iliyomo katika grafu mmoja ulichorwa na jamii, na kwamba unaweza kufutwa kimyakimya.

Kwamba dola nayo huchora mistari si jambo la nadharia. Mwezi Februari 2025 Serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya juu kwa kila msafirishaji badala ya zuio. Kila kiwango cha namna hiyo ni sentensi ya isipite. Katika sentensi hiyo mtendaji ana jina, ana mhuri, na anaweza kuulizwa sababu.

Neno faida lenyewe linastahili kuhakikiwa. Katika Kiswahili faida ni ziada ya biashara, na pia ni manufaa. Swali la hisabati huchukua maana ya kwanza na kuiacha ya pili ikiangaza kwa mbali, hata msomaji akadhani kwamba kilicho na faida kubwa kina manufaa makubwa. Dawa iko katika kihusishi. Faida ya 38 inafunga mjadala. Faida ya 38 kwa kiwanda inaufungua, kwani mara moja msomaji huuliza: na kwa mji? Grafu ya vigeu viwili haina mhimili wa tatu wa kuwekea jibu la swali hilo. Huo ni upungufu wa karatasi, nao hauwezi kulaumiwa kwa karatasi. Ila swali lililoandikwa vizuri linaweza kumwonyesha msomaji kilichobaki nje ya karatasi.

Inaweza kusemwa kwamba haya yote ni kulitwika zoezi la shule mzigo usio wake, na kwamba mwanafunzi ajifunze kwanza kuchora, siasa zije baadaye. Jibu ni kwamba zoezi la sasa halikosi siasa. Lina siasa ya kutomtaja mtu. Kuandika Serikali imeamuru badala ya inatakiwa hakuongezi hesabu hata moja, wala hakumzuii mwanafunzi kupata (6, 4). Kunaongeza neno moja tu, na neno hilo ni la kweli.

6. HITIMISHO

Kutokana na uchunguzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa watunzi wa maswali na wasanifu wa istilahi. Fani iitwe upangaji-mstari, kwa sababu mpango ndio asili yake. Masharti yaandikwe kwa hali tegemezi na ukanushi, isizidi, isipite, isipungue, na maneno angalau na chini ya yaepukwe. Eneo la majibu liitwe eneo yakinifu, na kutosha kusitumike hapo kwa sababu ya maana yake ya Kikongo. Mwisho, kila sharti litajwe pamoja na aliyeliweka, na kila faida pamoja na anayeipata.

Mapendekezo haya hayahitaji kamusi mpya. Maneno yake yote yanasemwa tayari, mengine mwambao, mengine kwenye migodi ya dhahabu ya Tanzania, mengine Kolwezi. Kiswahili cha Ukanda wa Shaba kimezoea kutajwa katika maandishi ya wataalamu kama mkusanyiko wa mikengeuko kutoka sanifu. Katika mada hii kimetoa kitenzi kimoja kinachounganisha namba na mchoro kuliko istilahi zilizotungwa ofisini, na kimetoa onyo moja ambalo wasanifu wasingelipata bila kukisikiliza. Kama wanafunzi wa Kolwezi wangepewa nafasi ya kulisoma swali la Kingamyambo kwa lugha wanayoizungumza wakiwa njiani kulipita bwawa lenyewe, huenda idadi ya wanaoshindwa kuchora isingebadilika sana. Idadi ya wanaouliza ni nani aliyeuchora mstari wa mto ingebadilika.